Barua Kumi na Mbili na Kuku wa Edina

Ninyi vijana mnaoandika riwaya kwenye simu, nawaonea wivu. Nianze na hilo ili tusidanganyane. Mkikosea herufi mnaifuta kwa kidole, mkituma muswada Jumatatu mnakataliwa Jumatano, na mkishakataliwa mna kundi la wenzenu la kulilia. Sisi tulisubiri kukataliwa kwa miezi minane. Mtu unakonda, unanenepa, unakonda tena, na jibu bado liko njiani.

Jina langu ni Skolastika, wengi wananiita Bibi Skola. Nilikuwa mpiga chapa kwa miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya wakulima wa kahawa hapa Mbinga, nikastaafu na vidole vinavyouma kila mvua ikikaribia. Pembeni ya kazi hiyo nimeandika riwaya saba. Hamjazisoma. Hakuna aliyezisoma, isipokuwa watu waliozikataa.

Mwezi uliopita alinijia binti mmoja wa kijiji cha Ukata, anaitwa Anjela, anafundisha shule ya msingi kwa kujitolea. Baada ya shikamoo na kikombe cha uji akanionyesha simu yake. Wakala wa Dar es Salaam amemkataa. Wakala, kwa wasiojua, ni mtu anayesoma muswada wako kabla ya wachapishaji. Akiupenda anaubeba na kuupigania huko kwenye maofisi yao, asipoupenda mlango unafungwa hapo hapo. Anjela aliandikiwa mistari mitatu tu, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Bibi, naacha," akaniambia. "Hii ni mara ya pili nakataliwa."

Mara ya pili! Nilimtazama mtoto wa watu, kicheko kikanifika kooni, nikakimeza. Akanisogezea bahasha yenye muswada wake, akaniomba niusome nimwambie ukweli. Niliiweka ile bahasha chini ya kitambaa cha meza nikamwambia nitausoma, ila kwanza anisikilize. Niliyomweleza siku ile ndiyo haya ninayowaandikia. Wengi wenu mnahitaji kuyasikia, na mimi nahitaji kuyatua.

Kukataliwa kuna ufundi wake. Zamani muswada ulirudishwa kwa posta, kwa hiyo bahasha nene ilikuwa msiba na bahasha nyembamba ilikuwa matumaini. Mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa sanduku la posta la ofisi, na nusu ya watu wa Mbinga walipokelea barua zao humo: mwenye mtoto sekondari ya mbali, mwenye kaka mgodini, fundi redio, padre mgeni. Kila Jumanne na Ijumaa nilikwenda posta na kikapu. Nikifungua kile kijimlango cha chuma nikakuta kitu kinene cha kaki kimekunjwa kwa nguvu, nilijua ni changu. Ilifika mahali karani wa posta akawa ananipa pole kabla sijaingiza ufunguo.

Mkishafungua barua, msipoteze muda na sifa za mwanzo. Wote huanza kwa kukusifu: wazo lako ni zuri, bidii yako inaonekana. Tafuteni neno "hata hivyo". Likiwa mstari wa pili, msomaji hakufika hata sura ya tatu. Likiwa chini kabisa, karibu na sahihi, mtu alisoma akasitasita, na huyo mwandikieni tena. Zangu zote zilikaa mstari wa pili.

Na barua msizichane. Mimi nilizitoboa matundu mawili, nikazipa namba, nikazifunga kwenye faili la kijani kama nyaraka nyingine za ofisi. Kwetu Maguu nilikokulia tunalima ngoro, na mnajua majani yakishafyekwa hayachomwi: yanalazwa miraba miraba, yanafukiwa kwa udongo, na maharage yanapandwa juu yake. Nilijiambia barua zangu nazo zitaoza vizuri na kurutubisha. Nilisahau kwamba baada ya kufukia mtu hupanda kitu kipya. Riwaya yangu ya sita ilikuwa ile ile ya kwanza, nimebadilisha majina ya watu.

Kosa langu lilikuwa maneno. Niliyapenda kama wengine wanavyopenda vitenge. Riwaya ile ilikuwa na binti wa waziri, jumba la ghorofa tatu na mazulia, na mimi sijawahi kukanyaga zulia zaidi ya lile la altareni siku ya kufagia kanisa. Jua kwangu halikuchomoza hata siku moja. Lilikuwa jicho la dhahabu linalofumbua kope zake juu ya ulimwengu.

Mzee Nombo aliliona hilo mapema. Alikuwa mkuu wa masijala, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na amri moja: "Skola, mpiga chapa ana vidole, hana maoni. Ulichopewa ndicho unachopiga." Sikumsikia. Mwaka mmoja meneja alinipa barua ya kusomwa makanisani, kuwakanya wakulima wanaoanika kahawa chini badala ya kwenye vichanja, maana inashika harufu ya udongo na wanunuzi wanaikataa. Ilikuwa mistari minne, mikavu. Niliona aibu barua ya ofisi yetu iende uchi namna ile, nikaianza hivi: "Kwa majonzi makubwa na mioyo iliyopondeka, uongozi unawatangazia wakulima wote habari nzito iliyotufika." Katekista wa Maguu akaisoma baada ya misa, taratibu, kwa sauti yake ya Ijumaa Kuu. Kabla hajafika kwenye neno kahawa, akina mama wa benchi la mbele walikuwa wameshaanza kulia. Alasiri ile lori liliteremsha watu ofisini kwetu na unga, kuku na mizigo ya kuni, wanauliza msiba uko kwa nani. Meneja, mzima wa afya, ndiye aliyetoka kuwapokea.

Mzee Nombo hakunigombeza. Watu walipoondoka alinikabidhi mfuko wa unga uliosahaulika kando ya ukuta. "Huu wako," akasema. "Kaule pamoja na maoni yako."

Sasa niwaambie habari za Edina.

Edina alikuwa mwanamke wa Lituhi, kule ziwani, Mwanglikana, mchuuzi wa dagaa. Mara mbili kwa mwezi alipandisha magunia yake Mbinga. Siku moja aliingia ofisini, akanisalimia, akaniwekea mezani madaftari matano ya shule yaliyofungwa kwa kipande cha wavu. Yalinuka samaki hivi kwamba meneja aliinuka kufungua dirisha.

"Dada Skola, nasikia wewe unapiga chapa hadithi," akasema. "Na mimi ninayo. Sijui kama ni hadithi. Ni mambo tu."

Tukapatana. Yeye ataniletea mbasa wakavu, wale samaki wakubwa wa ziwani, mimi nitampigia chapa baada ya saa za kazi, na muswada wake utakwenda kwa wakala yule yule niliyekuwa nampelekea wa kwangu, kwa anwani ya sanduku la ofisi. "Jibu likija, fungua usome," akaniambia. "Mimi siku zote niko njiani." Nilikubali bila kinyongo. Nilitazama madaftari yale yenye magamba ya samaki kwenye kurasa nikasema moyoni, masikini, mwache ajaribu, akikataliwa tutakuwa wawili.

Alasiri ile ile, ofisi ikiwa tupu, nikafungua daftari la kwanza. Ilikuwa hadithi ya mama mkwe na mkwe wake ambao hawajasemeshana mwaka mzima, na wanaanika dagaa kwenye kichanja kimoja. Wakitaka kuambiana kitu wanamtuma kuku. "Kuku, mwambie huyo dagaa wa upande wake hawajageuzwa." "Kuku, mjibu kwamba mwenye macho na ageuze." Hakuna waziri, hakuna zulia. Vituo vilikosekana, na herufi kubwa zilikaa popote zilipojisikia kukaa. Nikacheka kwa sauti, peke yangu, mikono juu ya mashine, hadi mlinzi akaja kuchungulia dirishani.

Kisha kicheko kikakatika. Chini ya kifua, juu kidogo ya tumbo, palinichoma. Mnapajua pale. Nikausoma tena ule ukurasa nikitafuta alivyofanya. Nikausoma mara ya tatu. Sikuona ufundi wowote wa kushika, lakini kila mtu mle ndani alikuwa hai, hata kuku. Mimi nilikuwa na kamusi mbili, cheti cha uhazili na miaka zaidi ya kumi na tano ya kuandika, na huyu ameandika amekaa juu ya gunia.

Nisiwafiche, nilimchukia. Nilimchukia hadi mbasa wake wakanishinda kula, nikawagawia majirani.

Nilianza kupiga chapa, na vidole vikawa na maoni. Pale Edina alipoandika, "Kuku, mwambie huyo chumvi imekwisha," mimi nilipiga: "Ewe ndege mwaminifu wa nyua zetu, mfikishie yule aliyenipokonya furaha kwamba kito cheupe cha mapishi kimetoweka jikoni." Nilijiambia namsaidia. Nilijiambia wakala akiona makosa yale atamcheka, na mimi ni kama dada yake. Lakini mtu anayesaidia hashtuki kila mlango ukilia. Nilijua ninachofanya. Nilitaka bahasha yake irudi nene kama zangu.

Nilikwenda hivyo sura baada ya sura, isipokuwa ya nne. Katika sura ya nne kuku anaugua, na wale wawili wanahangaika kumtibu usiku na mchana kwa sababu akifa hawatakuwa na pa kupitishia maneno. Pale nilicheka, nikalia, nikasahau kuharibu. Ilitoka kama alivyoiandika mwenyewe.

Nilipomaliza nilimrudishia Edina madaftari yake kwa dereva wa lori. Hakuomba kuona nilichopiga. "Umepiga wewe," alisema alipopanda tena Mbinga, "mimi nitakagua nini?" Nikatuma miswada yote miwili kwa siku moja.

Miezi saba ikapita. Kila akipanda Mbinga anapitia ofisini anauliza, "Bado?" nami namjibu, "Bado." Ikawa ndiyo salamu yetu.

Ijumaa moja nikafungua sanduku nikakuta bahasha mbili. Ile nene ilikuwa yangu, na karani akanipa pole yake ya kawaida. Ilikuwa namba kumi na moja, na "hata hivyo" yake ilikaa mstari wa pili. Ile nyembamba ilikuwa na jina la Edina. Niliifungulia pale pale kwenye ngazi za posta, kwa ruhusa aliyonipa mwenyewe. Wakala aliandika hivi:

"Nimesoma muswada wako mara mbili. Humu ndani kuna waandishi wawili. Mmoja anajua dagaa wanavyogeuzwa na watu wanavyogombana. Mwingine anajua kamusi. Yule wa sura ya nne namtaka, na nina mchapishaji atakayemtaka. Huyu mwingine mwondoe kila mahali alipopita, kisha niletee. Nitasubiri hadi mwisho wa mwaka."

Nikakaa kwenye ngazi. Nimewahi kukataliwa kwa sababu ya msuko dhaifu, kwa urefu, kwa ufupi, na mara moja kwa sababu kurasa zilifika zimeloa. Sikuwahi kukataliwa ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Na aliyenikataa hakuwa hata anajua kwamba nipo.

Nilipaswa kumpelekea Edina barua yake siku ile ile. Sikumpelekea. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba, chini ya rozari, ikakaa humo wiki tisa. Edina akaja, akauliza, "Bado?" nikajibu, "Bado," na mkoba uko juu ya meza kati yetu. Akaja tena, nikajibu vile vile. Mara ya tatu alileta mbasa mnene, akamweka mezani kwa mikono miwili.

"Dada, usihuzunike kwa ajili yangu," akasema. "Wewe umekataliwa mara kumi na moja na bado unaandika. Na mimi nikikataliwa nitakuwa kama wewe."

Alisema kwa heshima kabisa. Alikuwa anajiandaa kuwa kama mimi. Anayeweza kunitukana kwa namna ya kuniumiza zaidi ya pale hajazaliwa, na Edina alikuwa ananisifu. Mwaka ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Niliomba likizo, nikapanda gari la Lituhi nimevaa sweta langu la Mbinga. Nilifika ziwani nimelishika mkononi, jasho linanitiririka. Jua lilikuwa kali na akina mama walikuwa wameanika ufuko mzima. Edina alinipokea kwa vigelegele, akanitandikia mkeka kando ya kichanja, akamwita mama mkwe wake aje aamkiwe. Nikasimama nikasema, "Shikamoo, Mama." Akaitika marahaba bila kuacha kugeuza dagaa. Nikamtambua mara moja. Ndiye yule wa daftarini, na ile shingo yake ya kutazamia pembeni.

Sikunywa hata maji. Nilimsomea Edina barua, kisha nikamwambia yule mwandishi wa pili ni nani, na kwamba barua nilikuwa nayo mkobani wiki tisa.

Edina hakupiga kelele. Aliichukua barua akaisoma mwenyewe, midomo ikitembea. Akairudia. Kuku mmoja mweupe alikuwa anadonoa makombo chini ya kichanja. Edina akaikunja barua, akamgeukia yule kuku.

"Kuku," akasema, "muulize mgeni kama amekula."

Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama usoni, haukuwa mzaha.

"Kuku, mwambie sijala," nikasema.

"Kuku, mwambie ugali upo. Na mwambie ale upesi, kuna kazi. Madaftari mawili hayapo."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa nilichofanya. Madaftari niliyomrudishia, Edina aliyahesabu kuwa yamekwisha kazi, kwani si yameshapigwa chapa? Mama mkwe akalichana la tatu na la nne kufungia dagaa wa rejareja sokoni. Yule mama alifunga samaki kwa habari za ukali wake mwenyewe asijue, na wanunuzi wakawashia moto. Kuanzia sura ya tano hadi ya kumi, maneno ya Edina hayakuwepo tena popote. Kulikuwa na nakala yangu tu, na kito chake cheupe cha mapishi.

Edina alijaribu kuyaandika upya. Alikaa na penseli asubuhi nzima, anaandika, anafuta.

"Kuku, mwambie haitoki," akasema mchana. "Nina hasira, kwa hiyo mama mkwe anatoka mtu mbaya tu. Mle alikuwa mbaya lakini anachekesha."

Nikafumba macho. "Kuku, mwambie aandike," nikasema. "'Mama Mkwe akaanza kuhesabu dagaa wa upande wake. Hakuna mtu anayehesabu dagaa. Alifika mia mbili akasahau, akaanza moja, ili yule mwingine aone jinsi alivyo na nafasi.'"

Penseli ilisimama hewani. Nikaendelea. Nilisema ukurasa mzima kutoka kichwani, nikasema na unaofuata, pamoja na mahali alipokosea. Edina akainama akaanza kuandika.

Siku ile na siku kumi zilizofuata tulikaa kando ya kichanja, mimi nasema, yeye anaandika, dagaa wakihitaji kugeuzwa anainuka anageuza. Penye shaka, kuku aliulizwa.

"Kuku, mwambie hapo nilisema ndoo, sikusema beseni."

"Kuku, mwambie ilikuwa beseni. Ndoo inakuja baadaye, na ina tundu."

Anatazama ziwa, anafikiri, anaandika beseni. Mama mkwe alikuwa anapita na kurudi, anatutazama wanawake wawili wazima tunamhutubia kuku. Nilimsikia akimwambia mwanawe kwamba watu wa milimani wana ugonjwa wao na sasa mkewe ameambukizwa.

Siku ya kumi na moja tukafika mwisho wa daftari la nne. Edina aliweka penseli katikati ya kurasa akalifunga.

"Kuku, muulize kitu," akasema. "Mimi niliyeandika sikumbuki. Yeye ameyajuaje yote haya?"

Nilitaka kusema ni mazoea ya kazi. Ingekuwa rahisi, na angeniamini.

"Kuku, mwambie nilisoma kila ukurasa mara nane, mara tisa," nikasema. "Mwambie ni wivu. Riwaya zangu sita sikumbuki hata ukurasa mmoja. Hii yake ilinikaa kichwani nikashindwa kuitoa."

Edina akaokota dagaa mmoja aliyeanguka, akampuliza mchanga, akamrudisha kwa wenzake. Kisha akanitazama mimi usoni, mara ya kwanza tangu siku niliyofika.

"Dada Skola," akasema, "hebu rudia pale pa kuhesabu."

Nikarudia. Alicheka akashika mbavu, anacheka maneno yake mwenyewe, na mama mkwe akasimama mbali akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Siku ya kuondoka alinirudishia ile barua ya wakala. "Kaiweke kwenye faili lako," akasema. "Mimi humu sikukataliwa."

Nikaipiga chapa upya kwa wiki tatu, kwa vidole visivyo na maoni. Mzee Nombo alikuwa ameshastaafu, lakini nilihisi yuko nyuma ya kiti changu. Ilifika kwa wakala kabla ya mwisho wa mwaka, na kitabu kikatoka. Edina alitaka jina langu liwekwe ukurasa wa shukrani. Nilikataa, wala msidhani ni unyenyekevu. Niliogopa watu wangeuliza nilifanya nini.

Ameshatoa vitabu vitatu sasa, na wivu wangu haujaisha. Akialikwa shule za Mbinga kuzungumza na wanafunzi, mimi huwa napata mafua. Kitabu chake cha pili nilikisoma kwenye foleni ya hospitali nimekivalisha gazeti, watu wasione jalada. Kila aliponiletea madaftari nilipiga chapa neno kwa neno, na kila mara palinichoma pale pale.

Lakini kitu kimoja nimekijua, na hiki ndicho cha kazi ninachoweza kuwaachia. Katika miaka yote ile nilipiga chapa miswada mingi ya watu wa huku: walimu, makatekista, bwana shamba mmoja aliyeandika tenzi za mbolea. Niliisifu yote kwa moyo mkunjufu, nikawatakia heri, nikalala vizuri. Ya Edina peke yake ndiyo iliyoninyima raha. Wivu wangu ni kama kile kipimo cha unyevu tulichokuwa nacho ghalani, hakina adabu ila hakijawahi kudanganya. Na wenu nao hauwadanganyi. Mkisoma kazi ya mwenzenu ikawachoma, msiseme ni mbaya, msikimbilie kuirekebisha. Kaeni nayo mkaisome mara tisa. Mimi nilijifunza zaidi kwa mara tisa zile kuliko kwa kamusi zangu zote, na riwaya yangu ya saba haina waziri. Ina mkuu wa masijala mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Nilipofika hapo Anjela alikuwa ameshika faili langu la kijani, anageuza barua moja moja.

"Bibi," akasema, "hii ya kumi na mbili umeikosea. Ina jina la Edina."

"Sijaikosea. Ni yangu."

Akaisoma tena, akanielewa. Akalifunga faili taratibu. "Na wewe ulikubaliwa lini?"

"Bado," nikasema. "Ya saba nimeituma. Nasubiri."

Nikainua kitambaa cha meza nikaitoa bahasha yake, nikavaa miwani. Ilikuwa hadithi ya walimu wawili wa kujitolea wenye jozi moja ya viatu, na mkaguzi anakuja, na wote wawili wanatakiwa kusimama mbele yake. Nikasoma ukurasa wa kwanza. Nikasoma wa pili. Wakiwa wamefika mahali pa kupitishana kiatu dirishani, nilicheka kwa sauti, kisha kicheko kikakatika. Chini ya kifua, juu kidogo ya tumbo.

Ana miaka ishirini na mitatu. Amekataliwa mara mbili tu, anataka kuacha, na angeacha kwa neno moja langu. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu, na ulimi ulikuwa na sentensi tayari: ni nzuri, mjukuu wangu, ila ipambe kidogo. Niliifunga kalamu nikaiweka kwenye droo, na droo nikaisukuma kwa goti.

"Usiguse hata nukta," nikamwambia. "Tafuta wakala mwingine."

Macho yake yakafunguka. "Kwa hiyo ni nzuri, Bibi?"

"Nenda kaitume leo hii," nikasema, nikimrudishia bahasha yake, "kabla sijaanza kukusaidia."